UZI: Vilabu na nyumba za wageni za Uingereza ya karne ya 18 – tazameni deni kabla ya kutazama chupa

Bamba la Shaba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu wote.

Kuna picha ya mchoraji Mwingereza William Hogarth, Gin Lane (Mtaa wa Jin, yaani pombe kali ya nafaka), ambayo huzungushwa sana mitandaoni kila mtu anapotaka kukemea ulevi. Mama amekaa ngazini, kifua wazi, miguu imejaa vidonda, anachukua ugoro kidogo kwenye kikopo huku mwanawe akimponyoka na kuporomoka kichwa chini. Watu wakishamwona yule mama wanatosheka. Hawatazami kushoto kwake. Mimi ni mchapaji, nimezoea kukagua karatasi nzima kutoka kona hadi kona, na picha hizi za vilabu na nyumba za wageni zimenikaa moyoni kwa miaka mingi. Naomba tuzisome pamoja, taratibu.

Kushoto kuna duka la rehani. Jina la mwenye duka limeandikwa: Gripe. Mbele yake seremala anakabidhi koti lake na msumeno. Karibu naye mama wa nyumbani ameleta birika na vyombo vyake vya jikoni. Seremala akishauweka msumeno rehani, kesho atakata mbao kwa kutumia nini? Yule mama akishatoa vyombo, jioni atapikia wapi? Pombe inanywewa leo, lakini kinachoondoka nyumbani ni uwezo wa kupata riziki ya kesho. Ndiyo maana nasema Hogarth alikuwa anachora deni, na pombe ndiyo mlango wa kuingilia.

Picha hiyo aliitoa Februari 1751 pamoja na pacha wake, Beer Street (Mtaa wa Bia), kwa shilingi 1 kila moja. Mtaa ni St Giles, mtaa wa mafukara wa London. Kwa nyuma unaonekana mnara wa kanisa la St George, Bloomsbury, wenye sanamu ya Mfalme George I kileleni, na mnara huo umesimama hadi leo. Chini pembeni kuna mlango wa pango la kuuzia jin, na juu yake tangazo: kulewa pensi 1, kulewa chakari pensi 2, majani makavu ya kulalia bure.

Sasa nendeni Beer Street. Watu wamenawiri, kazi zinaendelea, mafundi wako juu ya paa. Nyumba inayobomoka ni moja tu: duka la rehani la bwana Pinch. Amejifungia ndani, anapokea kikombe chake cha bia kupitia tundu mlangoni, maana anawaogopa wanaomdai. Mtaa mmoja mkopeshaji anastawi na watu wanakwisha. Mtaa wa pili watu wamestawi na mkopeshaji ndiye anayejificha. Mwenye kupanga hivyo alijua anachokisema.

Nitaendelea na nyingine. Karibuni.

Dereva wa Usiku

Mkuu, uzi mzuri, lakini hapo mwanzoni naona umempunguzia mlevi mzigo. Mtaani kwetu nimeona gongo inavyomaliza vijana, na hakuna aliyewashika mkono wakanywe. Ulevi ni ulevi. Huyo mchoraji mwenyewe ameweka maiti, ameweka mtu aliyejinyonga darini, ameweka mama anayemnywesha mtoto mchanga jin. Ukisema ni picha ya deni unatupeleka mbali na alichokiona.

Bamba la Shaba

Ndugu yangu, nimekusoma, na maiti zipo kweli. Siipunguzii jin ukali wake. Ninachouliza ni nani aliyeifanya ifike pale kwa pensi moja.

Mwaka 1690 Bunge la Uingereza liliruhusu karibu kila mtu kukeneka, yaani kutengeneza kwa mvuke, pombe kali ya nafaka. Brandi ya Ufaransa ilikuwa imezuiwa kwa sababu ya vita, na wenye mashamba walitaka soko la nafaka yao. Bungeni walikuwa nani? Wenye mashamba haohao. Kufikia mwaka 1743 Uingereza ilikuwa inakunywa karibu galoni milioni 8 za pombe kali kwa mwaka.

Bunge liliposhtuka, lilimwangukia muuzaji mdogo. Sheria ya mwaka 1736 ilidai leseni ya pauni 50 kwa mwaka, na ushuru wa shilingi 20 kwa kila galoni ya rejareja. Pauni 50 ilikuwa zaidi ya pato la mwaka mzima la vibarua wengi. Karibu hakuna aliyekata leseni. Biashara ikaingia vichochoroni, wapelelezi wakawa wanalipwa pauni 5 kwa kumchongea jirani, na wapelelezi wenyewe wakawa wanapigwa na umati barabarani. Sheria ikafutwa mwaka 1743.

Iliyofanya kazi ni ile ya mwaka 1751, mwaka wa picha yetu. Hiyo iliwabana wenye mitambo: wasimuuzie jin mtu asiye na leseni. Kisha mavuno yalipoharibika mwaka 1757 ukeneko wa nafaka ukapigwa marufuku kwa muda, na unywaji ukashuka sana. Kwa hiyo kaka, mlevi anabeba mzigo wake, lakini kuna waliokuwa wanaupakia. Hogarth aliwaweka: angalia upande wa kulia, nyumba ya mkeneka pombe ameiandika jina Kilman.

Binti Pangani

Niongezee hapo kwenye wanawake, maana wanatajwa kwa vidonda tu.

Sheria ile ya 1736 iliwaumiza sana wanawake maskini. Wengi wa waliokamatwa ni wale waliokuwa wanauza kikombe kimoja kimoja kutoka kwenye kapu, au mkokoteni, au dirisha la chumba cha kupanga. Hawakuwa na mtaji wa biashara nyingine. Tajiri mwenye mtambo hakuguswa.

Na kuna kesi ya Judith Defour ya mwaka 1734, naamini Hogarth aliijua kwa sababu London nzima iliijua. Alikuwa na binti wa miaka 2 aliyekuwa akilelewa kwenye nyumba ya maskini ya parokia, ambako walikuwa wamempa nguo mpya. Judith akamchukua mtoto kwa matembezi, yeye na mwenzake wakamvua nguo, mtoto akanyongwa na kuachwa mtaroni. Nguo ziliuzwa kwa shilingi 1 na pensi 4, fedha ikanunua jin. Alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu wa London. Nikisoma kumbukumbu ile nashindwa kuendelea. Lakini nakubaliana na mwenye uzi kuhusu jambo moja: nguo za mtoto zilikuwa fedha. Kwa maskini wa London kila kitu cha nyumbani kilikuwa fedha inayosubiri kubebwa.

Bamba la Shaba

Asante sana dada. Umelisema vizuri kuliko mimi.

Kijana wa Bandari

Shukran kwa darsa. Niko Mombasa, naomba kueleweshwa kitu kimoja. Mnasema kilabu, nyumba ya wageni, mkahawa. Zilikuwa tofauti ama ni baa tu zenye majina mengi? Na kwa nini watu wa enzi hizo wanaonekana wakiishi humo mchana kutwa? Hawana kazi?

Bamba la Shaba

Zilitofautiana, ndugu. Kulikuwa na kilabu cha bia cha watu wa kawaida, mara nyingi sebule ya mtu tu. Kulikuwa na nyumba ya mvinyo ya wenye nafasi, yenye vyumba vya faragha na chakula kizuri. Kulikuwa na nyumba ya wageni yenye vitanda, ua mkubwa na mabanda ya farasi. Na kulikuwa na mkahawa, ambao licha ya jina uliuza pombe pia.

Swali lako la pili ndilo kubwa. Mle ndani ndiko kulikokuwa kazini. London ile haikuwa na majengo mengi ya ofisi. Mkahawa wa Edward Lloyd ulikuwa ndiko wanakokutana wenye meli na wanaowakatia bima, na kutoka hapo ikazaliwa Lloyd's ya leo, soko la bima. Hisa ziliuzwa mkahawa wa Jonathan. Mtu akifa kifo cha mashaka, baraza la uchunguzi lilikaa kwenye chumba cha juu cha kilabu, maana hapakuwa na ukumbi mwingine karibu. Minada ilifanyika humo kwa mshumaa: wanauwasha, na anayetaja bei ya mwisho kabla haujazimika ndiye mnunuzi.

Fundi cherehani, fundi kofia, fundi viatu, kila kundi lilikuwa na kilabu chake maalumu. Ukitafuta kazi unakwenda kukaa pale, tajiri akihitaji mikono anatuma mtu pale. Sasa fikiria: unasubiri kazi siku nzima kwenye nyumba ya mtu anayeuza bia. Utaagiza. Huna fedha? Mwenye nyumba anaandika kwa chaki. Ukipata kazi, mshahara unalipwa palepale, mbele ya chaki ile.

Dereva wa Usiku

Kausha damu hii.

Bamba la Shaba

Kausha damu hasa. Na iliwafikisha watu kwenye mti wa kunyongea, nisimulie.

Makaa ya mawe yalikuja London kwa meli kutoka kaskazini, na waliokuwa wakiyapakua mtoni Thames, wengi wao Waairishi, walipewa kazi na mawakala ambao wenyewe walikuwa na vilabu. Hupangiwi zamu kama hunywi kwake. Gharama ya kinywaji inakatwa kwenye ujira, uwe umekinywa ama hukukinywa. Bunge lilitunga sheria mwaka 1758 ya kuwaandikisha kwenye ofisi ili watoke mikononi mwa mawakala hao, lakini mawakala wakapata njia ya kuizunguka. Mwaka 1768, mwaka wa njaa na migomo mingi London, ugomvi ukalipuka. Nyumba ya John Green, mwenye kilabu huko Shadwell aliyekuwa wakala wa ofisi ya uandikishaji, ikazingirwa usiku kucha kwa risasi, na watu wakauawa. Green alishtakiwa kwa mauaji akaachiwa. Wapakuaji 7 walinyongwa mwezi Julai katika kiwanja kilichoitwa Sun Tavern Fields, karibu na walikokuwa wanaishi, ili wenzao waone.

Hata kiwanja cha kunyongea kilikuwa kimepewa jina la kilabu.

Mwalimu Chaurembo

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimefundisha sanaa sekondari, na nashukuru uzi huu haukimbilii kusema mchoraji alikuwa mtu wa maadili basi. Naomba mwenye uzi atupeleke kwenye ule mfululizo wa kijana mtapanya urithi. Pale kuna chumba cha kilabu ambacho kwa macho yangu ndicho chumba kilichochorwa vizuri kuliko vyote vya karne ile.

Bamba la Shaba

Mwalimu, shikamoo. Hapo umegusa ninapopapenda.

A Rake's Progress ni picha 8 za rangi, alizichora kati ya 1732 na 1734, kisha akazichonga kwenye shaba na kuzichapa mwaka 1735. Kijana Tom Rakewell amerithi mali ya baba bahili. Picha ya tatu yuko Rose Tavern, Drury Lane, kwenye saa tisa za usiku. Amelegea kitini, shati wazi, mguu mmoja juu ya meza. Msichana anampapasa kifuani kwa mkono mmoja, na mkono mwingine unapitisha saa yake kwa mwenzake aliye nyuma. Mezani mwanamke mmoja anamtemea mwenzake kinywaji. Ukutani kuna picha za makaisari wa Roma, nyuso zao zimekatwa zote isipokuwa ya Nero. Nyuma kabisa mwanamke anaichoma moto ramani ya dunia kwa mshumaa. Na pale ukutani amesimama msichana Mwafrika, mtumishi, anatabasamu akitazama.

Watu wengi wanampita. Mimi humrudia kila mara. Katika chumba kizima yeye ndiye pekee aliye macho, hajalewa, na anayaona yote kama yalivyo: saa inayoibwa, dunia inayoungua. Hogarth hakumpa jina. London ya wakati ule ilikuwa na maelfu ya Waafrika, wengi wao wameletwa kwa nguvu kama watumishi wa majumbani, mabaharia, wapishi. Hogarth aliwaweka kwenye picha nyingi kwa sababu walikuwepo mitaani.

Sasa fuateni deni. Picha ya nne Tom anakamatwa na watu wa mahakama kwa kudaiwa. Ya tano anaoa mwanamke mzee kwa ajili ya fedha. Ya sita anapoteza yote kwenye kamari. Ya saba yuko Fleet, gereza la wadaiwa. Na mle gerezani, askari jela anadai ada yake, na kijana wa kilabu amesimama na kikombe cha bia, hataki kukitoa mpaka alipwe! Kilabu kimemfuata hadi jela. Ya nane yuko Bedlam, hospitali ya vichaa.

Na hili gereza la Fleet Hogarth hakulisikia kwa watu. Baba yake, Richard, alikuwa mwalimu maskini aliyeandika vitabu vya shule. Alifungua mkahawa St John's Gate ambako waungwana wangekuja kuzungumza Kilatini. Biashara ikafa, akafungwa Fleet kwa deni, na familia ikaishi kwenye kivuli cha gereza hadi mwaka 1712 sheria ya kuwasamehe wadaiwa ilipomtoa. William alikuwa mtoto wa miaka kama 10 ilipoanza. Aliona kwa macho yake nini kinampata mtu wa mkahawa anayeshindwa kulipa. Mwenye kukulia hapo hawezi kuchora kilabu bila kuchora daftari la mwenye kilabu.

Mwalimu Chaurembo

Ahsante. Niongeze kwamba sheria ya kulinda haki za wachonga picha ilianza kutumika Juni 1735, na Hogarth aliipigania mwenyewe, akazuia kuzitoa chapa hizi mpaka ianze. Alikuwa ameshaibiwa sana na wachapaji.

Bamba la Shaba

Kweli kabisa Mwalimu, na picha iliyoibiwa mno ilikuwa ya unywaji pia: A Midnight Modern Conversation ya mwaka 1733, wanaume 11 wamezunguka bakuli kubwa la panchi, pombe ya kuchanganya, saa kumi za alfajiri, mmoja ameanguka, mwingine anaunguza ncha ya mkono wa shati lake kwa mshumaa. Ilinakiliwa kwenye majagi, kwenye vikopo vya ugoro, hata kwenye mabakuli ya panchi yenyewe.

Nyota ya Lamu

Naingia kidogo tu nisiuharibu uzi. Karne ileile, kwetu Lamu na Pate, mgeni wa biashara hakulala kwenye nyumba ya kulipia. Alikuja na upepo wa kaskazi, akakaa miezi akisubiri kusi imrudishe, na makazi yake yalikuwa kwa mwenyeji wake, kwenye sabule, chumba cha wageni kilicho karibu na kiwanda (ua wa ndani), kabla hujafika ndani kwa wenyewe. Naye aliingia deni, lakini deni la heshima kwa nyumba moja, na biashara yake ikapita mikononi mwa mwenyeji huyo. Nyumba za mawe za karne ya 18 zenye sabule bado zipo, mtu anaweza kwenda kuziona.

Bamba la Shaba

Nyota, hili ni la thamani sana, anzisha uzi wake tukusome. Kule Uingereza nyumba ya wageni ilikuwa sehemu ya barabara. Gari la farasi linabadilisha farasi pale, abiria wanakula haraka, wanalipa, wanaondoka. Tarehe 2 Agosti 1784 gari la kwanza la barua liliondoka Bristol saa kumi alasiri kutoka kilabu cha Rummer na kufika London saa mbili asubuhi, mwendo wa saa 16, nalo likashushia kwenye nyumba nyingine ya wageni, Swan with Two Necks. Posta ya nchi nzima ilikuwa inapumua kupitia mabanda ya farasi ya watu binafsi.

Hogarth anayo ya mwaka 1747 inayoonyesha ua wa nyumba kama hiyo. Mama mnene anasukumwa aingie garini, bibi kizee anavuta kiko chake ndani ya kapu la nyuma, baharia na mtumishi juu ya paa, mwenye nyumba anamshawishi mteja kuhusu bili, mkewe anapiga kengele na hakuna anayemsikia.

Kijana wa Bandari

Umetaja panchi. Panchi ni sukari na ramu, si ndio? Na sukari ilikuwa inatoka wapi miaka hiyo? Nashangaa hamjaligusa hilo.

Bamba la Shaba

Ndugu, nilikuwa nalisogelea, na naona umefika kabla yangu. Ramu na sukari vilitoka visiwa vya Karibi, vikilimwa na Waafrika waliotekwa. Kila bakuli kwenye picha zile limebeba hilo. Lakini kuna kisa kinachounganisha kilabu chenyewe na meli za utumwa, na ndicho kilichonifanya nianzishe uzi huu.

Tarehe 22 Mei 1787 kamati ya kupinga biashara ya utumwa iliundwa London. Kijana wao wa kazi alikuwa Thomas Clarkson, miaka 27, aliyetoka Cambridge. Wakamtuma Bristol kutafuta ushahidi. Wafanyabiashara wakamfungia milango. Mabaharia waliosafiri na meli za watumwa waliogopa kuzungumza. Aliyemsaidia ni mwenye kilabu mmoja, jina lake Thompson, wa Seven Stars, ambaye alikuwa amekataa kuzitafutia meli za watumwa mabaharia.

Thompson akamchukua usiku wa manane hadi mtaa wa Marsh Street, uliokuwa umejaa vilabu vya mabaharia. Clarkson akaona kazi inavyofanyika. Muziki, ngoma, pombe tele. Maofisa wa meli za watumwa wanaingia, wanamkalia kijana baharia na kumpa ahadi: mshahara mkubwa, safari nzuri. Akikubali, mashua inamsubiri. Akikataa, ananyweshwa mpaka hajijui, kisha mwenye kilabu na ofisa wanapatana bei yake. Na aliyekuwa mgumu kulewa alikopeshwa: chakula, malazi, kinywaji, mpaka chaki imejaa. Hapo anaambiwa achague moja kati ya mawili, jela ya deni au meli ya watumwa.

Someni tena hapo. Meli iliyokwenda kununua watu waliotekwa pwani ya Afrika magharibi ilijaza kwanza mabaharia wake kwa deni la kilabu. Clarkson akaenda kwenye orodha za mabaharia wa meli, akakusanya taarifa za zaidi ya mabaharia 20,000, na akaonyesha jinsi walivyokufa kwa wingi kwenye meli hizo. Wafanyabiashara walikuwa wakidai Bungeni kwamba biashara ile ni shule ya jeshi la majini la Uingereza. Takwimu zake ziliwanyang'anya hoja hiyo.

Mateso ya baharia hayalingani na ya mtu aliyefungwa minyororo chini ya sitaha, na wala Clarkson hakuyalinganisha. Ila ushahidi uliopatikana Marsh Street ulifungua midomo iliyokuwa imefungwa. Mabaharia ndio waliokuja kusimulia mbele ya Bunge yaliyotendeka kwenye sitaha. Biashara ile ilipigwa marufuku na Uingereza mwaka 1807.

Binti Pangani

Nimesoma mara mbili. Kwa hiyo kilabu ndicho kilichowanasa, na kilabu kingine ndicho kilichomfungulia Clarkson njia.

Msafiri wa Avon

Habari zenu kutoka Bristol. Nathibitisha Seven Stars bado ipo, Thomas Lane, na nje kuna bamba la kumbukumbu linaloeleza habari za Clarkson na Thompson. Ni baa ndogo tu, ukipita haraka huioni. Waswahili tunaoishi huku wengi hatuijui kabisa, na ni mwendo mfupi kutoka kituo cha treni cha Temple Meads. Nitawaambia wenzangu.

Dereva wa Usiku

Nakiri uzi umenifikisha nisikotarajia. Swali langu la mwisho mkuu. Huyu Hogarth mwenyewe alikuwa anaingia vilabuni au alikuwa anawachora wenzake tu akiwa nje?

Bamba la Shaba

Alikuwa anaingia, na alipapenda. Mei 1732 alikuwa Bedford Arms, Covent Garden, na marafiki zake wanne, wakaamua usiku uleule kuondoka kwenda Kent. Wakashuka mto Thames kwa mashua, wakatembea siku tano: Gravesend, Rochester, kisiwa cha Sheppey. Wakalala kwenye nyumba za wageni, wakapigana kwa vijiti kama watoto, wakaimba njiani. Waliporudi wakatengeneza daftari la safari. Ebenezer Forrest aliandika maelezo, Hogarth na Samuel Scott walichora picha, John Thornhill alichora ramani, na William Tothall aliandika hesabu ya matumizi yote, kila mlo na kila kinywaji, hadi senti ya mwisho. Daftari hilo limehifadhiwa British Museum.

Ile ya kijana Tom iko Sir John Soane's Museum, Lincoln's Inn Fields, kuingia ni bure. Palepale kuna mfululizo wake wa Uchaguzi wa miaka ya 1754 na 1755, ambamo mpiga kura mmoja amesimama kati ya wenye nyumba za wageni wawili, na kila mmoja anamtilia fedha mkononi. Huo nitauletea uzi wake, Mwalimu Chaurembo tusaidiane.